Kabla ya Kununua Nyumba, Tumwite Fundi

Wengi wetu tunaweka akiba tununue nyumba ya kupangisha pale Voi. Ni jambo jema. Lakini rangi mpya huficha mengi, na pesa hizi ni jasho la miaka. Kabla ya kutoa arubuni, tumwite fundi mzoefu. Asiwe fundi wa muuzaji, tumlipe wenyewe.

Aangalie nini?

1. Kuta na msingi. Ufa mwembamba wa plasta si neno. Ufa mpana, unaopita hadi kwenye mawe, ni hatari.

2. Mbao. Mchwa wa kwetu tunawajua! Apande darini, achome mbao kwa bisibisi. Ikizama, imeliwa.

3. Maji. Tuwaulize majirani: Mto Voi ukifurika, maji hufika wapi?

4. Choo. Shimo limejaa? Kingo zinabomoka?

Fundi aandike aliyoyaona, yasomwe mbele ya wanachama wote. Kasoro ikiwa ndogo, tupunguziwe bei. Ikiwa kubwa, tuache. Hati nayo tuikague katika ofisi ya ardhi, maana hiyo si kazi ya fundi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa mwenzio je, utaujenga kwa pesa za kikundi?