Chupa ya naitrasi kwenye gari la familia

Tangu filamu ya The Fast and the Furious ilipotoka mwaka 2001, vijana wengi wamekua na picha moja kichwani: dereva anabonyeza kitufe, na gari linachomoka kama limesukumwa kwa nyuma. Baadhi yao sasa wana leseni, wana marafiki mafundi, na wana gari la nyumbani wanaloruhusiwa kulitumia Jumamosi. Swali linafika sebuleni: "Baba, hii ya kwetu haiwezi kufungwa naitrasi?"

Jibu la "hapana" peke yake halitoshi. Kijana aliyenyimwa maelezo huenda kuyatafuta gereji ya uchochoroni, na huko atapewa kazi kabla ya maelezo. Ukweli ni kwamba injini iliyotoka kiwandani inaweza kupokea gesi hii kwa kiasi kidogo bila kuharibika. Ila masharti yake ni mengi, na mengi yanahusu vitu ambavyo filamu haikuvionyesha.

Naitrasi oksidi ndiyo gesi ya kicheko ambayo Horace Wells, daktari wa meno wa Marekani, aliijaribu kuondoa maumivu mwaka 1844. Si mafuta na haiwaki. Kazi yake ndani ya injini inafanana na ya kupepea jiko la mkaa. Hewa ya kawaida, kwa uzito, ina oksijeni asilimia 23 hivi. Gesi hii ina asilimia 36. Ikifika kwenye joto la nyuzi 300 hivi ndani ya silinda inavunjika na kuachia oksijeni hiyo. Tena inatoka kwenye chupa ikiwa ya baridi kali, hivyo hewa inayoingia nayo inapoa na kushikana zaidi. Jiko linawaka kwa nguvu, na mkaa unakwisha mapema.

Sasa, oksijeni ikiongezwa, petroli nayo lazima iongezwe. Injini nyingi zinazokufa kwa naitrasi zinafia hapa. Gesi ikija nyingi na petroli ikawa pungufu, joto linaruka, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, na injini inaanza kugonga. Pistoni inaweza kutoboka, au gasketi ya silinda hedi ikaungua, ndani ya sekunde chache. Dereva anayefurahia mwendo huenda asisikie chochote mpaka moshi uonekane kwenye kioo cha nyuma.

Tuchukue Toyota IST, gari ambalo halihitaji kuelezwa kwa mkazi wa Dar es Salaam. Ile yenye injini ya lita 1.5 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 109 hivi. Watengenezaji wa vifaa vya naitrasi kwa kawaida hupendekeza nyongeza ya nguvu 40 hadi 60 kwa injini ya silinda nne isiyobadilishwa ndani. Kwa injini ndogo kama hii, 50 ni karibu nusu ya nguvu yake yote, kwa hiyo mwenye busara huanzia chini ya 40. Kiasi hubadilishwa kwa jeti, vipande vidogo vya shaba vyenye tundu, na kishawishi cha kuweka tundu kubwa zaidi huja wiki ya pili.

Halafu kuna umri. IST za toleo la kwanza zilianza kutengenezwa mwaka 2002. Injini ya namna hiyo, baada ya miaka yote ya foleni, vumbi na oili iliyocheleweshwa kubadilishwa, si ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha kiwanda. Kabla ya kununua hata bolti moja, fundi apime kompresheni ya silinda zote nne, presha ya pampu ya mafuta, hali ya nozeli na ya rejeta, na aangalie oili ya giaboksi. Silinda moja ikionekana dhaifu kuliko wenzake, mjadala umefungwa: pesa hiyo ni ya matengenezo.

Injini ikifaulu, kazi inayofuata ni ya tahadhari. Plagi ziwe za baridi zaidi kwa daraja moja. Taimingi irudishwe nyuma. Kanuni inayotumiwa sana ni nyuzi mbili kwa kila nguvu 50 zilizoongezwa. Petroli iwe ya oktani ya juu. Gesi isifunguke mpaka pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka mwisho na injini imepita mizunguko 3,000 kwa dakika. Ikifunguliwa chini ya hapo, gesi na petroli hujikusanya kwenye manifoldi, na cheche moja inaweza kuipasua. Iwepo pia swichi inayokata gesi yenyewe presha ya petroli ikishuka. Fundi anayesema swichi hizo ni mapambo, mzazi amshukuru na kuondoka.

Kuna hatari nyingine inayohitaji onyo la pekee. Naitrasi ikikosekana, mtu hushauri kujaza chupa kwa oksijeni ya wachomeleaji. Hiyo ni kutafuta kifo. Oksijeni tupu inaweza kuwasha vitu ambavyo kwa kawaida haviwaki kirahisi, pamoja na grisi na vyuma vya injini yenyewe.

Kwa familia, pengine jambo zito kuliko injini ni chupa. Ndani yake kuna presha ya pauni 900 hadi 1,000 kwa inchi ya mraba, takriban mara 30 ya tairi la gari dogo. Gari lililofungwa vioo juani huzidi nyuzi 36 kirahisi, na juu ya joto hilo presha ya gesi hii hupanda haraka. Chupa nzuri ina kisahani cha usalama kinachopasuka ili gesi itoke, na bomba lake lazima lielekezwe nje ya gari. IST haina ukuta kati ya buti na kiti cha nyuma. Gesi ikitokea humo ndani, inafukuza hewa wanayovuta watoto waliokaa pale. Chupa ifungwe kwa vishikio vya bolti kwenye bodi, isilazwe kati ya mabegi, na isipashwe kwa moto hata siku moja.

Kijana pia aambiwe wazi kwamba gesi hii haivutwi. Mara nyingi ile ya magari huongezwa salfa dioksidi makusudi ili isivutike. Hata ile safi, ikivutwa mara kwa mara, huharibu kazi ya vitamini B12 na kuumiza mishipa ya fahamu mpaka miguu ife ganzi. Uingereza ilipiga marufuku kuwa nayo kwa kuivuta mwaka 2023.

Chupa ya kilo nne na nusu, kwa nyongeza ya nguvu 50, inakwisha kwa dakika tatu hivi za kubonyeza. Breki na matairi hayakuongezewa chochote, na kampuni ya bima isiyoelezwa mabadiliko inaweza kukataa kulipa siku ya ajali. Mahali pa kuitumia ni uwanja wa mashindano, si barabara ya Bagamoyo usiku.

Familia ikikubali licha ya yote haya, mama anayelichukua gari Jumatatu asubuhi kupeleka watoto shule aonyeshwe koki ya chupa ilipo na inavyofungwa, na swichi kuu iwe imezimwa tangu Jumapili jioni.