Tusikumbukane kwa Matanga Tu

Aghalabu wasomi waliohitimu chuo pamoja hukumbukana kwa mambo mawili: tanzia na mchango. Tangu huduma ya M-Pesa ianze mwaka wa 2007, rambirambi hutumwa kwa simu, naye aliyetuma hujiona ametimiza wajibu wake wote. Siubezi mchango, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hata hivyo, dhiki si maisha yote.

Mwaka wa 1923, mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski alieleza kwamba yapo mazungumzo yasiyokusudiwa kupasha habari, bali kuwaunganisha watu tu. Waswahili hawakumngoja awafunze hilo. Maamkizi yetu huuliza habari za nyumbani, za watoto na za kazi, na jibu huwa ‘njema’ hata kwa mgonjwa.

Sisi tunaokaribia miaka hamsini tunayahitaji mno maneno hayo. Mwalimu wa umma nchini Kenya kwa kawaida hustaafu akiwa na miaka 60, na soga za chumba cha walimu humwishia siku hiyo. Nani atakayemwita kwa lakabu yake ya bwenini, ila aliyeishi naye humo?

Basi, msomaji mpendwa, mpigie mwenzio simu leo, bila ya sababu yoyote.