Je, Wajua? Nani Anafaa Kuwa Shahidi

Ndoa ikitaka kufungwa msikitini, iwe Majengo au Lizaboni hapa Songea, sheikh huuliza: mashahidi wako wapi? Kabla hujanyoosha mkono, soma haya.

JE, WAJUA kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu deni? Inaagiza deni liandikwe na lishuhudiwe na wanaume wawili, au mwanamume mmoja na wanawake wawili. Hata ukimkopesha jirani pesa ya mbolea ya mahindi, maandishi na mashahidi si dalili ya kumshuku.

JE, WAJUA kwamba katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, ndoa hutaka mashahidi wawili wanaume, Waislamu, baleghe, wenye akili timamu na waadilifu? Wafuasi wa madhehebu ya Hanafi hukubali pia mwanamume mmoja na wanawake wawili.

JE, WAJUA kwamba shahidi lazima asikie na kuelewa maneno ya pande zote mbili: walii wa bibi harusi akisema "nimekuozesha" na bwana harusi akijibu "nimekubali"? Aliyekuwa nje akipokea simu hakushuhudia kitu, hata akitia saini.

JE, WAJUA kwamba walii anayeozesha hahesabiwi kuwa shahidi wa ndoa hiyo hiyo?

JE, WAJUA kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 nayo inataka mashahidi wasiopungua wawili, wenye umri wa miaka 18 au zaidi? Kijana wa miaka 15 aliyebaleghe anaweza kutimiza sharti la umri kifiqhi, lakini kwa sheria ya nchi bado.

JE, WAJUA kwamba mjomba Mkristo, na familia zenye Waislamu na Wakristo Ruvuma ni nyingi, hawi shahidi wa nikaha kwa wafuasi wa Imam Shafi? Hata hivyo Al-Maida 106 inataja mashahidi wa nje kwa wosia wa anayefikwa na mauti safarini, na wanazuoni wamehitilafiana kuhusu hukumu yake.

JE, WAJUA kwamba ushahidi wa mzazi kwa faida ya mwanawe, au wa adui dhidi ya adui yake, hukataliwa na wanazuoni wengi?

JE, WAJUA kwamba katika mambo ya uzazi na unyonyeshaji ushahidi wa wanawake peke yao hukubaliwa?

JE, WAJUA kwamba anayemsingizia mwanamke zinaa bila kuleta mashahidi wanne hupigwa mijeledi 80, na ushahidi wake haupokelewi tena? Ni An-Nur, aya ya 4. Wenye kusambaza umbea waisome.

JE, WAJUA kwamba Sheria ya Mahakama za Kadhi ya Kenya ya 1967 inafuata kanuni za Kiislamu za ushahidi, lakini inaamuru kila shahidi asikilizwe bila kubaguliwa kwa dini wala jinsia, na hoja ipimwe kwa ukweli wake, si kwa idadi ya mashahidi?

JE, WAJUA kwamba An-Nisaa 135 inakutaka useme haki hata dhidi ya nafsi yako au wazazi wako?

Basi ndugu msomaji, ukiitwa kushuhudia, sogea karibu, sikiliza na ulijue unalolitilia saini. Na siku mjane au yatima atakapokuhitaji, usijifiche. Nenda ukaseme ulichokiona.