Dinari ya Mfalme Offa: shahada imefikaje kwenye sarafu ya Kiingereza?

Wasomaji wengi mmeshaiona picha yake, maana inazungushwa sana katika makundi yetu ya WhatsApp: sarafu ya dhahabu yenye maandishi ya Kiarabu, na ndani yake maneno ya Kilatini OFFA REX, yaani Mfalme Offa. Chini ya picha huandikwa kuwa mfalme huyu wa Kiingereza alisilimu kwa siri. Sarafu ni ya kweli. Hilo la kusilimu mimi siliafiki, na watoto wetu wakilisimulia skuli wataulizwa dalili.

Offa alitawala Mercia, ufalme wa katikati ya Uingereza ya leo, kuanzia mwaka 757 mpaka 796. Sarafu yake imenakiliwa kutoka dinari ya mwaka 157 Hijria (773/774 Miladia), zama za Khalifa Abu Jaafar al-Mansur aliyeijenga Baghdad. Aliyepita chuoni ataisoma: upande mmoja La ilaha illa Allah wahdahu la sharika lah, upande wa pili Muhammad rasul Allah.

Sasa itazameni vizuri. Jina la mfalme limebanwa baina ya mistari ya Muhammad rasul Allah, tena kichwa chini, na Kiarabu chenyewe kina makosa. Fundi alinakili herufi kama mtu anavyonakili maua ya kanga. Mwenye kuijua shahada hawezi kuipindua namna hiyo. Isitoshe, barua ya Papa Leo III inataja kuwa Offa aliahidi kupeleka Roma sarafu 365 za dhahabu kila mwaka, kwa ajili ya masikini na taa za kanisa. Huyo Mwislamu gani?

Jawabu ni biashara. Uingereza ya wakati ule ilitumia fedha. Dhahabu iliyoaminika ilikuwa dinari, uzito wake kama gramu 4.25. Mfanyabiashara hakuwa na haja ya kuisoma, aliitambua kwa sura. Sisi tusishangae. Wazee wetu Oman na Unguja walipokea reale ya Maria Theresa, yenye uso wa malkia Mkatoliki wa Austria na tai wake, ikiendelea kupigwa chapa ya mwaka 1780 muda mrefu baada ya kufa kwake. Hakuna aliyebatizwa kwa kuipokea.

Dinari ya Offa inayojulikana ni moja tu, nayo ipo British Museum, London. Mfalme Coenwulf, aliyetawala Mercia baada yake, naye alipiga dhahabu, lakini kwa Kilatini kitupu na sura yake mwenyewe. Alikufa mwaka 821, na miaka minne baadaye Mercia ikashindwa vitani na Wessex, isirudi tena katika nguvu zake za zamani. Sarafu yake iliokotwa Bedfordshire mwaka 2001, na mwaka 2006 makumbusho hayo hayo yakainunua kwa pauni 357,832.