Urafiki na Caldari Una Bei Yake kwa Gallente

Mgeni wa EVE Online huogopa maharamia. Hununua mizinga, huimarisha ngao, hujifunza kukimbia mapema. Miezi kadhaa baadaye hujikuta amefungiwa nusu ya anga lenye ulinzi, na haramia hahusiki hata kidogo. Kilichomfungia ni tarakimu iliyokuwa ikishuka polepole kwenye ukurasa wa sifa zake, ukurasa ambao hakuwahi kuufungua.

Gemu hii ya vita vya anga ilitoka Mei 2003, kazi ya kampuni ya CCP ya Reykjavík nchini Iceland. Wachezaji wake, ukiacha wale wa China wenye seva yao, wote wanaishi katika ulimwengu mmoja uitwao Tranquility. Hapa huwezi kuhifadhi mchezo usiku halafu asubuhi ukafuta ulichoharibu. Ukishalipua meli ya dola fulani, limeandikwa, na siku ukipita kwao utakumbushwa.

Dola zenyewe ni nne. Amarr waliwaweka Minmatar utumwani kwa karne nyingi mpaka watumwa wakaasi, na Gallente wakawaunga mkono waasi hao. Caldari walikuwa ndani ya Shirikisho la Gallente, wakajitenga, vita vikazuka. Ndiyo maana Amarr na Caldari wako kambi moja, Gallente na Minmatar kambi nyingine. Gemu nyingi huwa na hadithi kama hizi na mchezaji huziruka bila kupoteza kitu. Hapa zimeingizwa ndani ya hesabu: Caldari wakikupandisha kwa kazi kubwa uliyowafanyia, Amarr nao hukupandisha kidogo, huku Gallente na Minmatar wakikushusha. Hapo ninawavulia kofia watunzi wake. Uadui wa kale unamgusa mchezaji ambaye hajasoma hata aya moja ya historia hiyo.

Sifa hupimwa kuanzia −10 hadi +10. Ikishuka hadi −5 au chini ya hapo, jeshi la dola hiyo hukushambulia kila unapoingia kwenye anga lake lenye ulinzi. Kwa mpiganaji mwenye meli nyepesi ni usumbufu. Kwa mfanyabiashara ni balaa, kwa sababu Jita, soko kubwa kuliko yote katika gemu, liko kwa Caldari. Mfikirie mtu aliyewatumikia Gallente mwaka mzima, akajaza meli ya mizigo bidhaa za kuuza, akatokea kwenye lango la Jita. Meli ya mizigo ni nzito kugeuka na nzito kushika kasi. Wakati yeye bado anahangaika kuielekeza kituoni, askari wa Caldari wameshafika na mizinga imeshamlenga. Mali yote hiyo inategemea kama ngao zitavumilia mpaka apate kuruka.

Wengi huziona sifa kama akiba ya benki: weka pointi leo, toa kesho. Hazifanyi kazi hivyo. Kila ongezeko ni asilimia ya umbali uliobaki kufika +10, na kila hasara ni asilimia ya umbali uliopo kati yako na −10. Ukiwa kwenye sifuri, ongezeko la asilimia 5 hukupa 0.5, na hasara ya asilimia 5 hukunyang'anya 0.5. Mambo ni sawa kwa sawa. Ukiwa kwenye +8, asilimia 5 ile ile hukupandisha kwa 0.1 tu, lakini kosa la ukubwa huo huo hukushusha kwa 0.9. Aliyeko juu hupanda kwa kunyata na huanguka kwa kasi.

Sasa, hasara hutoka wapi hasa? Kazi za kawaida unazopewa na mawakala hukuinua kwa wakala mwenyewe na kwa kampuni yake. Sifa ya dola huja kwa njia nyingine: ukimaliza kazi 16 za ngazi ile ile ya ugumu kwa dola ile ile, wakala mwingine hukuita kwa kazi maalumu, na malipo ya kazi hiyo ndiyo yanayogusa dola zote nne. Lakini baadhi ya kazi za kawaida hukutuma kupigana na jeshi la dola nyingine, na hapo kila meli unayoilipua inakata sifa yako kwa wenyewe papo hapo. Kazi moja inaweza kuwa na meli kadhaa. Kwa hiyo kabla hujabonyeza kukubali, tazama nembo ya adui kwenye maelezo. Wakiwa maharamia kama Guristas au Serpentis, nenda kapige. Ikiwa ni nembo ya dola, kataa. Wakala hukuruhusu kukataa kazi moja kila saa 4 bila kukukata chochote, na sijui ruhusa nyingine yenye thamani kama hiyo inayodharauliwa hivyo.

Tena, mtu anayetafuta fedha hahitaji mapenzi ya dola nzima. Wakala wa ngazi ya 4, mwenye malipo mazuri, anataka +5, na +5 hiyo inaweza kuwa ya kampuni yake peke yake, mradi dola, kampuni au wakala mwenyewe asiwe amekushusha chini ya −2.

Aliyekwisha kuharibu naye ana njia. Ujuzi uitwao Diplomacy, kwa kila ngazi, huziba asilimia 4 ya pengo kati ya sifa yako mbaya na +10. Mwenye −6 akifikisha ngazi ya 5, dola humwona kama ana −2.8, na jeshi humwacha apite. Sifa halisi inabaki −6, lakini sasa ana nafasi ya kuitengeneza bila kukimbizwa. Aende mfumo wa Arnon, amtafute Sister Alitura wa shirika la misaada la Sisters of EVE. Shirika hilo lina mlolongo mrefu wa kazi za ngazi ya kwanza, The Blood-Stained Stars, unaoweza kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mwishoni mchezaji huchagua dola moja kati ya nne ili sifa yake kwa dola hiyo ipande. Wengi huchagua dola wanayoipenda, ambako tayari wako juu, na zawadi yao inakuwa ndogo. Mtu wa −8 hupata 0.9 kwa kila asilimia 5. Wa +6 hupata 0.2. Chagua dola inayokuchukia kuliko zote.