Mtoto mgonjwa abaki nyumbani: mchunguzeni mbele ya kengele



Kila mtumishi anajua sheria hii: mashine haiwashwi mbele ya kuchunguzwa. Mtoto anayekwenda masomo naye anapashwa kuchunguzwa kila asubuhi. Kazi hiyo si ya mwalimu. Yeye anapokea watoto wengi katika kalasi moja, wamebanana juu ya mabenchi; hawezi kugusa paji la kila mmoja. Mlinzi wa kwanza wa kalasi ni mzazi.

Wazazi wengi wanasema: «Akikosa masomo atashindwa mtihani.» Tunawasikia. Lakini mtoto mgonjwa hasikii mafundisho, na anaweza kuwaambukiza wenzake. Basi fuateni maneno haya.

1. Homa. Wako wazazi wanaompa mtoto parasetamoli asubuhi, mwili unapoa kidogo, kisha wanamtuma kalasini. Dawa hiyo inashusha moto wa mwili kwa muda wa masaa 4 mpaka 6 tu, haiui malaria. Katikati ya mchana homa inarudi, naye yuko mbali na mama. Malaria kali inaweza kuua mtoto kwa siku moja ao mbili. Mwenye homa asiende masomo: mleteni dispanseri siku ileile. Tunamchoma kidole, tunatwaa tone la damu, na kisha dakika 15 ao 20 tunajua kama ni malaria. Akipewa dawa, aimalize yote, hata kama kesho yake anacheza tena.

2. Surua. Inaanza sawa mafua: homa, kikohozi, macho mekundu. Vipele vinatokea nyuma. Mtoto anaambukiza wengine tangu siku 4 mbele ya vipele mpaka siku 4 nyuma yake, na ugonjwa unaweza kubaki katika hewa ya chumba kwa masaa 2 hata kama mgonjwa ametoka. Katika inchi yetu, tangu mwanzo wa 2019 mpaka Januari 2020, surua iliua watu zaidi ya 6.000, wengi wao watoto wadogo. Ikiingia kalasini, mwanafunzi anaipeleka kwa mdogo wake nyumbani. Tazameni karte ya chanjo: chanjo ya kwanza ya surua inatolewa kwa miezi 9. Kama ilikosekana, njooni mtuulize, msione haya.

3. Kuhara na kutapika. Mtoto abaki nyumbani mpaka kuhara kuishe, na siku mbili tena. Anyweshwe mara kwa mara maji ya kifuko cha dawa ya kuhara. Kama kifuko hakipo: litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visijazwe kupita ukingo. Akihara maji-maji sawa maji ya mchele, ao macho yakizama, msingoje: inaweza kuwa kolera. Mleteni mbio, hata usiku, na mwendelee kumnywesha njiani.

4. Macho yenye usaha, na upele unaowasha. Mleteni atazamwe kwanza. Asitumie kitambaa kimoja na ndugu zake. Kwa upele, watu wote wa nyumba wanatunzwa siku moja, na nguo na mashuka yanafuliwa. Bila hivyo unarudi.

Lakini msimzuie mtoto bure. Mafua madogo bila homa, ama kidonda kidogo kilichosafishwa na kufungwa vizuri, havimkatazi kwenda masomo. Anawe mikono kwa sabuni akitoka choo na mbele ya kula, hiyo inatosha.

Neno la mwisho ni kwa wababa. Kama uko posti ya usiku na mama anakwenda sokoni mapema, patana naye jioni: nani atamgusa mtoto paji asubuhi, nani atamleta dispanseri, nani atamjulisha mwalimu. Mafundisho ya siku tatu yanaweza kunakiliwa katika daftari ya mwenzake.

Kateni ukurasa huu, muubandike karibu na mlango, pale watoto wanapotokea asubuhi.