Karata za Mario Hukaririwa, Mashine ya Sarafu Haikaririki

Swali la kwamba bonasi ya mashine ya kamari hutoka baada ya mizunguko mingapi, ambalo vijana wa Meru na Embu hawachoki kuliuliza, halina jibu, kwa sababu limejengwa juu ya dhana potofu ambayo imerudiwa mno kiasi kwamba kuinyamazia ni kuipa nguvu. Wanaoliuliza hutoa hoja moja, nayo ni kwamba bonasi za michezo ya video waliyoicheza utotoni zilikuwa na mpangilio wa kukariri, hivyo mashine ya sarafu nayo haikosi wake. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli tupu, na ndiyo inayoufanya uongo wa sehemu ya pili uaminike.

Katika Super Mario Bros. 3, mchezo wa Nintendo uliotoka Japani mwaka 1988 na ulio wa aina ya majukwaa, yaani ile ambayo mhusika huruka kutoka kiunzi hadi kiunzi, mchezaji afikishapo kila alama 80,000 hufunguliwa mchezo mdogo wa ziada. Karata 18 hulazwa kifudifudi katika safu tatu za sita sita, naye huzifunua mbili mbili akitafuta zinazofanana, ziwe za uyoga, ua, nyota, sarafu au uhai wa ziada; akikosea mara mbili mchezo hufungwa, lakini jozi alizokwisha kupata humngojea zikiwa wazi hadi atakaporudi. Karata hizo zingechanganywa kama za mkononi, mipangilio ingehesabika kwa mabilioni, ilhali programu ya mchezo ina minane tu. Kwa hiyo aliyeikariri minane hiyo hufunua karata chache, akaiondoa isiyolingana na anachokiona, kisha akamaliza zilizobaki kwa uhakika. Huo ni ujuzi halali, na mtoto aliyeupata kwa kuchora safu hizo kwenye daftari amefikiri vizuri.

Mashine zinazomeza sarafu za shilingi 20 katika vituo vya biashara, ambazo serikali ilizisaka nchi nzima mwaka 2018 na nyingi zikateketezwa, ni kitu kingine kabisa. Imani iliyoenea ni kwamba mashine iliyokula sana imeshiba na iko karibu kutapika, hivyo mwerevu husubiri wenzake waliwe kisha akaingia yeye. Chimbuko la imani hiyo halifichiki: mkulima anayepeleka majani mabichi ya chai katika kiwanda cha Rukuriri au cha Githongo anajua kwamba bonasi yake hulingana na kilo alizowasilisha, na akili iliyozoea hesabu hiyo ya haki huiona kila sarafu kama kilo iliyopimwa na kuandikwa. Mashine ya kamari haimwandikii mtu chochote.

Ichukuliwe, kwa mfano, mashine inayolipa kwa wastani mara moja katika mizunguko 50, kila mzunguko ukiamuliwa kwa nasibu, yaani bila kutegemea uliotangulia. Wakicheza watu 100, kila mmoja mizunguko 50, karibu 36 kati yao hawatalipwa hata mara moja; na katika mzunguko wa 51 kila mmoja wa hao 36 ana nafasi ileile moja katika 50, sawa na mtu aliyeingia mlangoni sasa hivi. Kungoja kwao hakukununua kitu. Zipo kweli mashine zinazoweka hesabu ya zilichomeza na zilichotoa, lakini hesabu hiyo huwekwa ili malipo yasizidi kiwango alichopanga mwenye mashine. Mchezaji haioni, hakijui kiwango, na kukaa kwenye kiti kuanzia asubuhi hakumwonyeshi lolote kati ya hayo mawili.

Kosa hilohilo limehamia kwenye simu kupitia Aviator, mchezo wa kampuni ya Spribe ulioanza mwaka 2019, ambamo kizidishi cha dau hupanda pamoja na ndege hadi ndege itoweke. Matokeo ya kila raundi hutokana na namba ya siri ya seva ikichanganywa na namba za wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau, na namba hizo tatu hazijakamilika kabla ya madau kuwekwa. Kwa hiyo programu zinazouzwa kwa madai ya kutabiri raundi ijayo ni utapeli mtupu, na anayezisambaza anawaibia majirani zake. Hata bila utapeli, mchezo unaorudisha wastani wa shilingi 97 kwa kila 100, fedha ileile ikizungushwa humo mara 20, huacha wastani wa shilingi 54 hivi.

Kwa anayetaka kukariri, Super Mario Bros. 3 ingalipo, nayo mipangilio yake minane huenea katika ukurasa mmoja. Mzazi asiyejua mtoto anacheza nini aangalie kama kifaa kinapokea dau na kutoa fedha, kwani kikifanya hivyo ni kamari, ambayo sheria ya Kenya inamkataza aliye chini ya miaka 18, na mashine inayowapokea watoto iripotiwe kwa chifu au polisi. Aliyekwisha kuliwa asirudi kufidia. Aiombe kampuni imfungie akaunti, amkabidhi mtu anayemwamini fedha za matumizi, na akishindwa kujizuia amwone mshauri nasaha. Aliyeweka programu ya utabiri aifute leo, abadilishe nywila ya akaunti yake na PIN ya M-Pesa, na asimtumie muuzaji shilingi nyingine kwa ahadi ya kuirekebisha.